Je, Willa Cather anawaadhibu wanawake wenye nguvu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, naendesha klabu ya usomaji ya wasichana. Tulianza na hadithi fupi ya Willa Cather, mwandishi wa Marekani, iitwayo "A Wagner Matinee", kisha tukasoma riwaya yake "O Pioneers!". Tumebaki njia panda. Katika hadithi, uwanda wa Nebraska unamla mwanamke msanii mpaka anabaki gofu. Katika riwaya, uwanda uleule unamjenga mwanamke mpaka anakuwa tajiri wa kuheshimika. Mwandishi alibadili mawazo? Na mbona Alexandra, mhusika mkuu wa riwaya, anafika miaka arobaini hana mume wala mtoto? Wasichana wangu wanasema mwandishi anawaadhibu wanawake wenye nguvu. Niwajibu vipi?

Jibu: Mwalimu, wape wasichana hao hongera zangu, kwa sababu swali lao limeingia moja kwa moja kwenye moyo wa kazi za mwandishi huyu. Kuhusu sehemu ya kwanza, ndiyo, alibadili mawazo, na tunaweza kuonyesha lini na kwa nini. Kuhusu adhabu, mimi nasema hawaadhibu. Anachofanya ni kuonyesha gharama bila kuificha, na katika riwaya tatu alizotoa kati ya 1913 na 1918 kila mwanamke analipa gharama ya aina yake. Mmesoma moja tu kati ya hizo tatu, ndiyo maana inaonekana kama hukumu.

Turudi kwanza kwa Georgiana, yule mwanamke wa "A Wagner Matinee". Hadithi ile ilitoka mwaka 1904, Cather akiwa mwalimu wa sekondari huko Pittsburgh. Kumbukeni ile leso nyekundu. Georgiana, mwalimu wa muziki wa Boston, anatoroka na kijana asiye na mbele wala nyuma, wanakwenda Nebraska kujitwalia ardhi. Mpima ardhi hawana cha kumlipa. Kwa hiyo wanafunga leso nyekundu ya pamba kwenye gurudumu la gari lao la farasi, wanaendesha kukatiza nyasi huku wakihesabu gurudumu limezunguka mara ngapi, na kwa hesabu hiyo wanapata mipaka ya ardhi yao. Wanachimba makazi ubavuni mwa kilima, wanaishi humo. Miaka thelathini inapita. Usiku wa manane mama huyu anasimama kwenye ubao wa pasi akimsikiliza mpwa wake, Clark, akikariri vitenzi vya Kilatini, na kijana akisinzia anamtikisa polepole. Na anamwonya asiupende sana muziki, asije akanyang'anywa.

Clark akishakuwa mtu mzima anamkaribisha Boston na kumpeleka kwenye tamasha la muziki wa Wagner, mtunzi wa Kijerumani. Shangazi amekuja na wasiwasi wa nyumbani: kuna ndama dhaifu aliyemwacha, kuna kasha la samaki wa chumvi lililofunguliwa kwenye stoo ya chini, ambao wataoza wasipoliwa. Muziki unapoanza, anaukamata mkono wa koti la mpwa wake. Unapokwisha, ukumbi unabaki mtupu, yeye analia na kusema hataki kuondoka. Nje ya mlango ule kuna nini? Kuna nyumba iliyopindapinda kwa mvua na jua, na bata mzinga wanaokula taka mlangoni pa jiko.

Hapo Cather anasema jambo moja tu: uwanda na sanaa ni maadui, na anayetaka kimoja lazima akipe kingine mgongo. Watu wa Nebraska walichukia hadithi ile, wakiwemo jamaa zake mwenyewe, maana walimtambua ndani yake mama wanayemjua. Baadaye alipoichapisha upya alipunguza ukali wa maelezo ya sura ya Georgiana. Lakini alikuwa amesema alichokiamini wakati huo, na alikuwa na sababu. Alizaliwa Virginia mwaka 1873, kwenye vilima, miti na uzio. Mwaka 1883, akiwa na miaka tisa, wazazi wake walihamia Webster County, Nebraska. Aliwahi kusimulia kwamba nchi ile ilikuwa tupu kama bati, na kwamba siku za mwanzo alijihisi kana kwamba amefutwa. Mwaka uliofuata familia ilihamia mji mdogo wa Red Cloud, na mara alipomaliza chuo kikuu huko Lincoln mwaka 1895 hakukaa sana. Alikwenda Pittsburgh, kisha mwaka 1906 New York, akawa mhariri wa jarida kubwa la McClure's. Kwa hesabu za dunia alikuwa amefanikiwa.

Mwaka 1908 alikutana na mwandishi mkubwa kwake kwa umri, Sarah Orne Jewett wa Maine, aliyekuwa ameandika maisha yake yote kuhusu watu wa pwani ya kwao. Mwezi Desemba mwaka huo Jewett alimwandikia barua ambayo kila mwandishi kijana angepaswa kuisoma. Alimwambia, kwa maana, kwamba kipaji chake hakikui kwa sababu kazi ya ofisi inamla, na kwamba asipotafuta utulivu wa kuandika kutoka ndani kabisa ya maisha yake mwenyewe, atabaki palepale. Jewett alifariki mwaka uliofuata. Cather alichukua miaka mitatu kutii. Mwaka 1912 alitoa riwaya ya kwanza, "Alexander's Bridge", kuhusu mhandisi wa madaraja anayegawanyika kati ya wanawake wawili, Boston na London. Ni kitabu safi, kimenyooka, na hakina damu. Mwenyewe alikuja kusema ana riwaya mbili za kwanza: ile aliyoandika kuhusu mambo aliyodhani yanapendeza, na "O Pioneers!", aliyoandika kwa ajili ya nafsi yake akiamini hakuna atakayejali habari za wakulima wa Kiswidi.

Kilichotokea katikati ni safari. Mwaka huohuo wa 1912 alikwenda Arizona kwa kaka yake aliyefanya kazi ya reli, akaona magofu ya makazi ya kale yaliyojengwa kwenye kingo za majabali. Alirejea akipitia Red Cloud, akakuta ngano inavunwa. Nchi aliyoikimbia ilikuwa imegeuka mashamba. Waliokuwa majirani zake utotoni, Waswidi, Wanorwe, Wabohemia wa nchi ya Wacheki, waliokuwa wakiishi kwenye mashimo, sasa walikuwa na nyumba, na wengi waliosimamia mageuzi hayo walikuwa wanawake aliowajua. Akiwa mtoto alikuwa akikaa jikoni kwa akina mama hao wazee, wakimsimulia makwao kwa Kiingereza cha kubahatisha, na aliondoka akijihisi ameingia ndani ya ngozi ya mtu mwingine. Haya yote alikuwa nayo tangu zamani. Alikosa kuyaona kama mali.

Sasa tumsome tena Alexandra Bergson. Wasichana waulizwe: katika kitabu kizima, wamemwona mara ngapi akishika jembe? Karibu hawatamwona. Baba yake, John Bergson, alitumia miaka mitano ya kwanza kuingia kwenye madeni na sita iliyofuata kutoka. Dhoruba ya theluji ilimmalizia ng'ombe, nguruwe wakafa kwa ugonjwa, farasi mmoja akavunjika mguu kwenye shimo la mnyama, dume la thamani likaumwa na nyoka. Anapokufa hajashinda chochote, ameweza tu kusawazisha deni. Na anawaambia wanawe wa kiume wamfuate dada yao. Si kwa kuwa ana misuli, maana Lou na Oscar wanamshinda kwa kazi za mikono. Ni kwa sababu yeye anasoma magazeti, anafuatilia bei za soko, na anajifunza kwa makosa ya majirani.

Kisha inakuja miaka mitatu ya ukame. Watu wanafunga virago. Familia ya Carl Linstrum, rafiki yake wa pekee, inaondoka. Kaka zake nao wanataka kuondoka. Alexandra anampakia mdogo wao Emil kwenye gari, wanazunguka siku tano kwenye mashamba ya mtoni, akizungumza na wanaume kuhusu mazao na wanawake kuhusu kuku. Anarudi na jibu ambalo hakuna aliyelitarajia: kule chini wana uhakika mdogo na hawatapata zaidi ya huo, huku juu kuna nafasi kubwa. Tuuze ng'ombe, tununue shamba la Linstrum, tuweke rehani mashamba yetu, tukope, tununue kila ekari tunayoweza. Oscar anaogopa kwa sababu haoni kazi ya mikono ndani ya mpango huo. Usiku Alexandra anasimama nje kutazama nyota, na anahisi chini ya nyasi kuna kitu kinachosubiri.

Kabla kidogo ya hapo msimulizi anatamka jambo ambalo naomba mlipigie mstari: kwamba mlowezi anapaswa kuwa na uwezo wa kuona kwa akili, na kufurahia wazo la kitu kuliko kitu chenyewe. Hayo ni maelezo ya msanii. Hapo ndipo Cather alipogeuka. Mwaka 1904 msanii ni yule ambaye ardhi inamnyang'anya muziki. Mwaka 1913 anayeitazama ardhi tupu na kuona ndani yake umbo ambalo halijawepo, kisha akalisubiri miaka mingi bila kuyumba, huyo mwenyewe ni msanii. Alexandra hawezi kupamba hata sebule yake. Chumba cha chakula amemwachia muuza fanicha wa mjini akijazie vitu vinavyong'aa. Ustadi wake uko nje, kwenye mashamba na uzio na malisho, na msimulizi anasema hivyo waziwazi.

Tuje kwenye mume na watoto. Wasichana wako wako sahihi kwamba jambo hili linauma. Soma nao kwa sauti ugomvi wa sehemu ya pili, pale Carl aliporudi na watu wakaanza kusemasema. Lou na Oscar wanamjia dada yao na kumwambia kwamba mali ya ukoo ni ya wanaume wa ukoo, kwa kuwa wao ndio wanaobeba lawama na wao ndio waliofanya kazi. Alexandra anawakumbusha kwamba walikwisha gawana ardhi walipooa, na kwamba alichojenga baada ya hapo ni chake. Wanamjibu kwamba kazi yake ilikuwa kupanga tu, na kupanga si kazi. Ndipo anawaambia waende mjini wakawaulize mawakili wanaweza kumzuia vipi, kwa sababu mamlaka watakayopewa na sheria ndiyo pekee watakayokuwa nayo juu yake tangu siku ile. Sidhani kuna msichana wa Morogoro, au wa Bukoba, au wa Kisii, atakayehitaji kueleweshwa ugomvi huo.

Na hapo sheria yenyewe ni muhimu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ya kugawa ardhi ya umma ilimpa ekari 160 mtu yeyote aliyetimiza miaka 21 au aliye mkuu wa kaya, kwa masharti ya kuishi pale na kulima kwa miaka mitano. Mwanamke asiyeolewa na mjane waliruhusiwa. Mke wa mtu, kwa kawaida, hakuruhusiwa kuomba kwa jina lake. Kwa hiyo upweke wa Alexandra una upande wa kisheria na kiuchumi ambao Cather aliujua vizuri: mwanamke aliyebaki peke yake alikuwa na jina kwenye hati. Kaka zake hawaogopi kwamba ataumizwa na mapenzi. Wanaogopa hati itaingia mkono mwingine.

Je, hana mapenzi? Anayo, ila yamezikwa. Tazameni ile ndoto inayomrudia tangu usichana, asubuhi za Jumapili akiwa amelala nusu usingizi: mtu mwenye nguvu, wa rangi ya jua, ananukia kama shamba la mahindi yaliyoiva, anamwinua na kumbeba kupita mashambani. Anapozinduka anajikasirikia, anashuka, anajimwagia ndoo za maji baridi ya kisima. Mwandishi anayemwadhibu mhusika hamwandikii ndoto kama hiyo. Na mwishoni Carl anarudi, wanakubaliana kuoana, na Alexandra anasema anaamini marafiki wakioana huwa salama. Wengine wanaiona ndoa hiyo baridi. Mimi naiona ni ya watu wawili waliozika vijana wawili na kujua moto unaweza kufanya nini.

Ila kuna mahali ambapo wasichana wako wana hoja, na usiwanyamazishe. Emil na jirani aliyempenda, Marie Shabata, wanauawa chini ya mforosadi na Frank, mume wa Marie. Kisha Alexandra anakwenda gerezani Lincoln, anamsamehe Frank na kumwahidi kumtafutia msamaha wa serikali, huku moyoni akiwalaumu zaidi waliokufa. Marie, mwanamke mchangamfu kuliko wote kitabuni, analaumiwa kwa uchangamfu wake. Wasomaji wengi wamekwama hapo. Nami nakwama hapo kila ninapokisoma, na sioni kama kitabu kinatupa njia ya kutoka. Kama mnatafuta adhabu, ipo kwa Marie kuliko kwa Alexandra.

Riwaya ya pili, "The Song of the Lark" ya mwaka 1915, inachukua wazo lile la mlowezi na msanii na kuligeuza. Thea Kronborg ni binti wa mchungaji wa Kiswidi katika mji mdogo wa Colorado, mmoja wa watoto saba. Anakuwa mwimbaji wa opera wa New York. Cather alimchota kwa sehemu kutoka kwa Olive Fremstad, mwimbaji aliyezaliwa Uswidi na kukulia Minnesota, ambaye alimhoji kwa ajili ya jarida mwaka 1913. Kitabu ni kirefu, kirefu mno. Mchapishaji wake wa London, William Heinemann, alikikataa, na Cather mwenyewe baadaye alikiri kwamba mapambano ya msanii yanasisimua kuliko mafanikio yake, kisha akakipunguza kwa toleo la 1937. Kwa klabu yako ningechagua sehemu mbili tu.

Ya kwanza ni utoto wa Thea katika mji wake wa Moonstone, kwa ajili ya mama. Bi. Kronborg hana elimu ya muziki, lakini anajua anachokiona. Anampa Thea kichumba chake darini, chenye dirisha dogo, na anahakikisha saa zake za mazoezi haziguswi na mtu. Nyumba imejaa watoto, kazi haziishi, na mama anaamua huyu aachwe. Kisha Ray Kennedy, mfanyakazi wa reli aliyekuwa na ndoto ya kumwoa, anakufa katika ajali ya treni na kumwachia bima ya dola 600 ili akasome Chicago. Halafu kuna daktari, kuna mwalimu wa piano Mjerumani mlevi, kuna Mmeksiko mwanamuziki. Thea ana nguvu, lakini nguvu zile zimewekezwa na watu wengi, na Cather hachoki kuwataja. Gharama inakuja baadaye. Mama anapougua na kukaribia kufa, Thea yuko Ujerumani, na nafasi ya kuimba Dresden imejitokeza, nafasi ambayo msanii anaweza asiipate tena. Haendi nyumbani. Mama anakufa akimsubiri. Mpe kila msichana dakika tano aandike angefanya nini, halafu uone majibu yatakavyogawanyika.

Ya pili ni Panther Canyon, Arizona. Thea amechoka, sauti imegoma, amekata tamaa. Anakaa kwenye magofu ya watu wa kale, kila asubuhi anaoga kwenye kijito kilichokuwa chao. Anaokota vigae vya mitungi. Anawaza juu ya wanawake waliopanda na kushuka njia ile na maji kichwani au mgongoni, na wale wachache waliofinyanga mitungi na kuitia nakshi. Nakshi haikuufanya mtungi ushike maji zaidi. Waliichora hata hivyo. Pale Thea anaelewa sauti yake ni nini: ni chombo cha kuyazuia maisha kidogo yasipite yote. Kwa Cather, mfinyanzi wa kale, mkulima wa Nebraska na mwimbaji wa Wagner wanakaa safu moja. Miaka kumi na moja kabla, Georgiana hakuwa na pa kukaa katika safu hiyo.

Riwaya ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, "My Ántonia" ya mwaka 1918. Chanzo chake ni msichana wa kweli, Anna Sadilek, Mbohemia aliyekuwa mfanyakazi wa ndani kwa jirani wa akina Cather mjini Red Cloud. Baba yake alijiua kabla Cather hajafika Nebraska, na kisa hicho kilimkaa mwandishi rohoni. Hadithi yake ya kwanza kabisa kuchapishwa, "Peter" ya mwaka 1892, inamhusu mzee Mbohemia anayevunja fidla yake na kujipiga risasi. Tangu hapo mpaka "My Ántonia" ni miaka ishirini na sita. Alipokuwa msichana aliona katika kisa hicho kifo cha msanii. Alipokuwa mtu mzima alimwona pia binti aliyebaki.

Nitataja kitu kidogo kutoka kitabu hicho. Bibi wa Jim, kijana anayesimulia kitabu, anakwenda kuwatembelea akina Shimerda, familia ya Ántonia, kwenye shimo lao wakati wa baridi kali. Mama Shimerda, katika umaskini ule, anampa zawadi: kifuko cha vipande vya kahawia, vikavu, vyenye harufu ya msitu. Bibi hajui ni nini, anaogopa, anavitupa motoni. Jim anaonja kipande kimoja. Miaka mingi baadaye anagundua vilikuwa uyoga uliochumwa na kukaushwa katika msitu wa Bohemia, ukasafirishwa ng'ambo ya bahari. Mama yule alikuwa ametoa kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo.

Ántonia halipi gharama ya Alexandra wala ya Thea. Baba yake alikuwa amempa bibi wa Jim kitabu cha alfabeti mbili na kumsihi amfundishe Ántonia wake. Baba anapokufa, binti analima kwa plau kama mwanamume. Jim anamwambia shule inafunguliwa. Anajibu kwa majivuno kwamba hana muda, shule ni ya wavulana wadogo, yeye anaweza kazi. Wanapotembea kuelekea zizini Jim anageuka, na anaona analia. Huko ndiko gharama yake iliko, elimu. Baadaye anapewa mimba na kuachwa. Mji unatarajia ajifiche. Jim anaingia kwa mpiga picha wa mjini, na anaikuta picha ya mtoto wa Ántonia ukutani, ndani ya fremu kubwa ya dhahabu. Mama yake hakutaka fremu ya bei rahisi.

Waonyeshe wasichana pia wafanyakazi wa ndani wa kitabu hicho. Cather anaeleza bila kupepesa kwamba binti za wageni waliotumikia majumbani mjini walipeleka mishahara nyumbani kulipia plau, mashine za kuvunia, nguruwe wa kuzaa, na kwamba ndiyo maana familia hizo zilitoka kwenye madeni mapema kuliko wenyeji walioona aibu kuwatuma binti zao kazini. Na yupo Lena Lingard, fundi cherehani, anayesema hataki kuolewa kwa sababu utoto wake ulijaa vichanga na chumba kisicho na pumzi. Anabaki hivyo, anatajirika, anamjengea mama yake nyumba, na hakuna radi inayompiga. Ukitaka ushahidi kwamba Cather hawaadhibu wanawake, mpeleke Lena mahakamani.

Kabla hamjaanza, kuna mambo mawili usiyapite kimya. La kwanza ni ardhi. Nchi ile ilikuwa ya Wapawnee na mataifa mengine ya wenyeji wa asili. Wapawnee waliondolewa Nebraska na kupelekwa kusini, eneo ambalo leo ni Oklahoma, katika miaka ya 1870, yaani miaka michache tu kabla familia ya Cather haijafika. Hata jina la mji wa Red Cloud ni la kiongozi wa Walakota. Katika "O Pioneers!" msimulizi anasema huenda ndiyo mara ya kwanza tangu nchi ile itoke majini uso wa binadamu kuitazama kwa upendo, na uso huo ni wa Alexandra. Msomaji yeyote anayejua historia ya nyanda za juu za Kenya atasimama hapo. Katika "My Ántonia" kuna duara hafifu nyasini ambapo inasemekana wenyeji walikuwa wakizunguka na farasi, linaonekana vizuri theluji ikianguka, na basi. Cather aliwaona wafinyanzi waliokufa karne nyingi, hakuwaona waliofukuzwa jana. Ninampenda sana, na sitaki wasichana wampende kwa kufumba jicho hilo.

La pili ni sehemu ya "My Ántonia" inayomhusu mpiga piano kipofu Mweusi, d'Arnault, anayetumbuiza hotelini. Cather, mtoto wa Virginia, anamweleza kwa lugha inayodhalilisha, anamnyima akili ileile ya msanii anayompa Thea bila kusita. Isome mwenyewe kwanza. Usiiruke, ila isiwakute ghafla.

Kwa mpangilio, kwa kuwa mmeshasoma mbili, ningekwenda sasa kwenye "My Ántonia" nzima kwa wiki nne au tano, kisha zile sehemu mbili za "The Song of the Lark". Vitabu vyote hivi vimetoka kwenye hakimiliki Marekani na vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, kwa hiyo mnaweza kuvipakua kwenye simu moja na kuchapisha kurasa mnazohitaji. Kwenye kipindi cha kwanza anza na uyoga. Wasome ukurasa ule hadi bibi anapoutupa motoni, funga kitabu, na uwaulize wanadhani kilikuwa nini kifukoni, kabla hujawasomea jibu.